Kura Tatu za Bwana Afya

Tulikuwa matangani, kijijini Titye, binti wa marehemu akanishika mkono mbele ya watu, akaniuliza, "Mama Mwanaidi, hivi ni kweli baba aliwahi kuwekwa ndani kwa sababu mtoto wa mtu kapiga chafya?" Wanawake tuliokuwa tunachambua maharage tukaangua kicheko, kicheko cha msibani kile, cha kujiziba mdomo kwa upindo wa khanga, halafu wote wakanigeukia mimi. Nikajibu kwamba ni kweli, nikaishia hapo. Pale palikuwa na watu wa kila chama, sufuria zinachemka, na mimi kwa jambo hilo nina hasira ambayo haijapoa mpaka leo, nikilianza lazima nitawaharibia watu chakula. Lakini nimeona heri niliandike. Mtu akifa, watu humbakishia kisa kimoja tu, na hiki cha Filbert Bukuru kinasimuliwa ovyo. Wanakifanya kichekesho kitupu. Mimi nilikuwapo, na ninachokumbuka zaidi ni buibui la kuazima nililokwenda nalo kutafsiri neno moja.

Mwaka ulikuwa 2015, mahali ni Kibondo mjini, kwenye hoteli ya shangazi yangu Bi Rukia, nyuma ya soko. Nasema hoteli kwa maana yetu: chumba kimoja cha bati, meza za mbao zilizofunikwa plastiki za maua, benchi badala ya viti, na jiko la kuni uani ambalo moshi wake ulipenda kuingia ndani kuliko kupanda juu. Asubuhi za Kibondo zina baridi ya kukunja vidole. Watu waliingia wamejikunyata ndani ya makoti ya mitumba, wakaagiza chai ya tangawizi na chapati, wengine maharage ya jana yaliyopashwa moto, ambayo kila mtu mwenye akili anajua ni matamu kuliko ya leo. Mchana ilikuwa ugali wa muhogo na migebuka mikavu kutoka ziwani. Mimi nilihudumia, nikaosha vyombo, nikapokea matusi ya shangazi kwa niaba ya chapati zilizoungua. Na nilisikiliza. Msichana anayebeba sahani haonekani na mtu, na watu wakishakuona huonekani, wanasema yote.

Bukuru alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo, majiko na mabucha, na aliifanya bila haya. Mrefu, mwembamba, ana tochi ya kumulikia vyoo hata jua la saa sita, na shangazi alimwogopa kuliko alivyomwogopa mtu wa kodi. Akishamaliza kutukagua alinawa mpaka viwiko, akaja kuketi karibu na dirisha, na hapo ndipo uoga wote ulipoisha, kwa sababu alikuwa anafungua gazeti. Gazeti tuliachiwa na dereva wa basi, limekunjwa, limekaliwa, na limechelewa. Wateja wetu wengi Kiswahili chao kilikuwa cha kununulia na kuuzia tu, kwa hiyo Bukuru aliwasomea kichwa cha habari kwa Kiswahili, kisha akakigeuza Kiha, lugha ya wenyeji, na katika kukigeuza akatia pilipili yake. "Leo tunasoma habari za juzi," alianza hivyo kila mara. "Kwa hiyo yaliyotokea msiyaogope, yameshapita." Akisoma kwamba mkubwa fulani amekwenda kutibiwa nje, alishusha gazeti akasema, "Na sisi tukiumwa tumbo tunakwenda nje. Tofauti yake, wa kwetu anarudi kalowa mvua." Akisoma kwamba wananchi wanahimizwa kunawa kwa maji yanayotiririka, "Kibondo yanatiririka sana. Shida yanatiririka kule bondeni, na sisi tuko huku juu." Fulana na kofia za kampeni zilipoanza kumwagwa, alisema, "Natamani uchaguzi uwe kila baada ya mavuno, angalau wakulima tuwaone na nguo mpya." Lakini chama hakutaja hata siku moja. Mtu akimchokoza aseme yuko wapi, jibu lake lilikuwa moja: "Mimi mtumishi wa serikali. Sina chama, nina vyoo."

Leo vijana wananiambia hayo si kitu, kwenye simu zao wanaona makali zaidi kabla hawajapiga mswaki. Sawa. Wao hawakuwapo mwaka ule. Warundi walikuwa wanakimbia machafuko kwao, wanavuka mpaka kwa makundi, wanapelekwa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, baadaye na kwetu kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Kipindupindu kikawa neno la kila siku. Juu ya hapo magari ya kampeni yakapita na spika, vumbi na nyimbo. Kila mtu akawa na sababu ya kumwogopa mwenzake. Kiha na Kirundi ni kama ndugu, kwa hiyo ukisema Kiha kwa sauti pale stendi, anaweza kutokea mtu akuulize babu yako kazikwa wapi. Nilianza kuona wateja wakigeuza shingo kutazama nani kakaa nyuma yao kabla hawajasema hata kwamba mvua imechelewa. Shangazi alimwambia Bukuru waziwazi, huku anammiminia chai, "Filbert mwanangu, lifunge hilo gazeti mpaka uchaguzi upite. Ulimi hauna mfupa." Bukuru akacheka. "Bi Rukia, nikinyamaza sasa hivi si ndiyo watasema nina jambo?"

Na jambo alikuwa nalo, ila halikuwa la siasa. Alikuwa amelifunga bucha la Sadoki. Sadoki aliuza nyama jirani na sisi, bucha halina choo wala ndoo ya maji, nzi wanajihudumia wenyewe, na katika mwaka wa kipindupindu Bukuru hakutaka kusikia habari za ujirani. Sadoki aliendelea kuja kunywa chai kwetu, anakaa meza ya mlangoni peke yake, simu mbele yake. Siku moja nikifuta meza ya pili nilimsikia akimwambia mtu, "Huyu mdomo wake ndio utamponza. We ngoja tu." Nilimpelekea shangazi maneno hayo. Shangazi akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaendelea kusukuma chapati.

Siku yenyewe hoteli ilikuwa imejaa. Kwenye gazeti, kichwa cha habari kilijaa ukurasa: KURA, halafu maneno mengine madogo chini yake. Ukutani kulikuwa na kalenda yenye picha ya mgombea, ambayo shangazi alitundika kwa sababu ilikuwa ya bure na ilificha tundu. Akaingia Mama Devota, muuza parachichi, mtoto mgongoni, na kabla hajaketi mtoto akapiga chafya. Sasa, kwa Waha, mtoto mdogo akipiga chafya haachwi hivihivi. Mtu mzima aliye karibu humwambia "Kura!", maana yake kua, uwe mkubwa, na mama hushukuru. Si lazima umjue mtoto. Ni adabu tu, kama kumpisha mtu mlangoni. Bukuru bila hata kuinua macho akasema, "Kura!" Mama Devota akashukuru. Kisha Bukuru akataka kutandaza gazeti mezani, akakuta sahani za mtu aliyeondoka, miiba ya samaki na nzi, ubwana afya ukampanda, akanigeukia mimi na sauti nyingine kabisa, "Kura!" Hiyo maana yake ondoa. Neno ni lilelile kwa macho, sauti ndiyo inayolipandisha na kulishusha. Nikazoa sahani mbiombio mpaka zikagongana. Watu wakaanza kucheka kidogo, wameshaona linakoelekea. Bukuru akatandaza gazeti. Akaona lile neno kubwa. Akainua macho polepole mpaka kwenye kalenda, akamtazama mgombea kwa muda, uso mkavu, mpole, kama anayemtazama mgonjwa, akasema la tatu. "Kura."

Basi tu. Hakuongeza kitu. Hoteli ikapasuka. Mtu alimwaga chai, mwingine alipiga meza kwa kiganja, mimi nilicheka mpaka nikaegemea mlango wa uani. Utamu wake ulikuwa kwamba hakuna aliyejua ni kura ipi kati ya tatu. Kila mtu alicheka ya kwake. Aliyekuwa hacheki ni Sadoki, na simu yake ilikuwa mezani, kioo juu.

Haikupita wiki wakamchukua Bukuru akiwa kwenye ukaguzi wa choo cha shule, tochi mkononi. Sokoni habari zilitembea upesi kuliko pikipiki iliyombeba: Sadoki amepeleka sauti kwa wakubwa na kuwatafsiria. Eti Bukuru kaonyeshea kidole picha ya mgombea, kasema ondoeni. Mtumishi wa serikali, kwenye kampeni, anachochea watu. Walikuwa wanasema atafukuzwa kazi kwanza, kisha apelekwe Kigoma kushtakiwa, na tayari kuna aliyeuliza kama hicho alichosema ni Kiha au ni Kirundi, na yeye mwenyewe ni wa upande gani wa mpaka. Hilo la mwisho ndilo lililomkalisha shangazi chini. Kazi ukifukuzwa utalima. Uraia ukitiliwa shaka mwaka kama ule, hujui utalala wapi.

Halafu wakaniita mimi. Mkubwa aliyeshika jambo lile alikuwa mgeni mkoani, Kiha hajui, na kwa haki yake lazima niseme kwamba aliambiwa Sadoki ana ugomvi na Bukuru, akataka mkalimani asiye na upande. Wakamtajia mpwa wa Bi Rukia: Kiswahili chake cha pwani, Kiha kakinyonya sokoni. Shangazi alinivisha buibui lake jipya, akanifunga mtandio kwa nguvu mpaka masikio yakauma, akaniambia, "Ukaseme kweli. Ila kweli nayo ina mlango wa mbele na wa uani."

Ofisi ilikuwa chumba chenye mapazia mazito yaliyofungwa mchana, feni haizunguki, na juu ya meza nikaitambua hotpoti yetu. Mkubwa yule alikuwa anakula wali na maharage yaliyotoka jikoni kwetu, nilikuwa nimeyaunga mimi mwenyewe, na bado nilimwogopa. Bukuru alikuwa kwenye benchi ukutani, hana mkanda, hana viatu. Sikuwahi kuiona miguu yake. Hakunitazama.

"Karibu, binti," alisema mkubwa, kwa upole ulionitisha kuliko kufokewa. "Kiha unakijua?"

"Nimekua nacho, mheshimiwa."

"Haya, sikiliza." Akabonyeza simu. Ikatoka hoteli yetu nzima mle ofisini: benchi zinaburuzwa, shangazi anafoka habari za chapati, kisha zile kura tatu na kile kicheko. Pale mezani kwetu kilikuwa kicheko cha watu wanaokunywa chai. Mle ndani kilisikika cha watu wanaopanga jambo.

"Hiyo kura maana yake nini?"

"Ipi, mheshimiwa?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Ziko tatu."

Akaweka kijiko chini. "Binti, nimekuita unisaidie, sikukuita unizungushe. Muuza nyama amesema kwa lugha yenu kura ni ondoa. Kweli au si kweli?"

Nikisema si kweli, mtu yeyote akiitwa kutoka barabarani atanikana. Nikisema kweli, nimemmaliza Bukuru. "Ni kweli," nikasema, na kwa pembe ya jicho nikamwona Bukuru anafumba macho. "Lakini rudisha nyuma, mheshimiwa. Usianzie kwenye neno. Anzia kabla yake."

Akanitazama, akarudisha. Ikasikika chafya, ndogo, ya majimaji.

"Nani huyo?"

"Mtoto mchanga. Huku mtoto akipiga chafya anaambiwa kura, yaani kua. Huyo hapo mama yake anashukuru, msikie."

Akarudisha tena, akasikiliza ameinamisha kichwa. "Na ya pili?"

"Ya pili kaniambia mimi niondoe sahani chafu. Hizo zinazogongana ninazo mimi mikononi."

Nadhani nusura atabasamu, lakini alikumbuka cheo chake. "Na ya tatu?"

"Ya tatu ni Kiswahili, mheshimiwa. Iko kwenye gazeti kwa herufi kubwa. Unalisikia hilo gazeti linavyotandazwa."

"Mbona wakacheka?"

Neno unaweza kulitafsiri. Kicheko utakitafsirije? Nilitazama kalamu yake, nikatazama miguu ya Bukuru, na ghafla hasira ikanipanda, ile niliyosema haijapoa, kwamba tumekaa watu wazima watatu mchana kweupe tunauliza kwa nini watu walicheka wakinywa chai. Hasira ikanipa mdomo. "Mheshimiwa, wewe ungesikia kua, ondoa na piga kura kwa neno moja, chai haijapoa hata, usingecheka?"

Kisha, taratibu, yule mkubwa akaanza kulijaribu mwenyewe mdomoni. "Kura. Kura. Kura." Zote zilitoka sawa, bapa, za kwao. Bukuru aliuma mdomo wa chini kwa mateso ya mtu anayesikia lugha yake inapondwa. "Mimi naona zote moja," akasema mkubwa.

"Sisi tunazisikia mbalimbali."

"Ahaa." Akaegemea kiti, na nikajua nimejifunga mwenyewe. "Basi nakuchezea ile ya tatu peke yake. Uniambie inasikika kama ipi."

Bukuru akafumbua macho, akanitazama kwa mara ya kwanza. Simu ikabonyezwa. Nilisikiliza kama sijawahi kusikiliza kitu duniani, na nikaisikia. Hakuipandisha, hakuishusha. Aliilaza katikati, kavu, jinsi anavyoisema mtu wa Dodoma au wa Dar. Mpaka leo naamini yule bwana alijua anachofanya, alikuwa amepita kwenye mlango mwembamba ambao hata kisu hakipiti. "Kama ya Kiswahili," nikasema, na ilikuwa kweli tupu. "Irudie, mheshimiwa. Inafanana na ya kwako."

Alirudia. Akarudia tena. Mwisho akavuta hotpoti karibu, akasema Bukuru atarudi kazini, kwa masharti. Kusoma magazeti hadharani basi. Na hilo neno lenu, akasema akitutazama sote wawili, la chafya na la sahani, kwa kipindi hiki liwekeni pembeni, watu wasije wakaelewana vibaya. Bukuru akaitikia ndiyo, mheshimiwa. Nje, alipokuwa anafunga kamba za viatu, zilimponyoka mara mbili, nikachuchumaa nikamfungia. "Asante, Mwana," akasema. Nilirudi sokoni kifua mbele. Shangazi alipiga vigelegele uani, akanipa supu ya mbuzi iliyobaki, na nikajiona nimemshinda Sadoki, nimeshinda mwaka mzima ule pamoja na mapazia yake.

Asubuhi iliyofuata watu walijaa mapema kuja kumwona. Bukuru alikuja saa zake, akakagua choo, akanawa mpaka viwiko, akaketi, lakini safari hii kaipa kalenda mgongo. Gazeti lilikuwa limeshafika. Lilikaa mezani limekunjwa, na hakuna aliyeligusa. Sadoki alikuwa meza yake ya mlangoni, simu mbele. Watu walikunywa chai wakisikilizana wanavyomeza. Akaingia Mama Devota na kapu lake, mtoto mgongoni, akatafuta nafasi kwenye benchi, akaketi. Mtoto akapiga chafya.

Mama Devota akangoja. Alikuwa ameshaandaa uso wa kushukuru. Wanaume watu wazima, baba za watu, wakainamia vikombe vyao. Akamtazama Bukuru, na Bukuru akafungua mdomo, nilimwona, akaitazama ile simu, akaufunga. Mimi nilikuwa nimesimama na sahani mikononi, mimi niliyekuwa nimesema kifua mbele kwamba ziko tatu, na sikusema hata moja. Mama Devota akageuza shingo kumtazama mwanawe begani, akamwambia mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili, "Afya, mwanangu."

"Asante, mama," Bukuru akajibu kwa niaba ya mtoto, kwa Kiswahili safi, akainamia chai yake.